Watunza Betri: Upande wa Gerejini wa Historia ya Gari la Umeme

Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 ilihesabu magari 4,192 yaliyotengenezwa nchini humo. Kati yake, 1,681 yaliendeshwa kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Mkazi wa mjini aliyechagua la umeme alikuwa na sababu nzuri. La petroli liliwashwa kwa kuzungusha hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mtu mkono. La mvuke lilisubiri maji yachemke. La umeme, dereva alisukuma wenzo likaondoka, bila moshi wala harufu.

Wauzaji walilinadi kuwa gari lisilo na usumbufu. Usumbufu ulikuwapo, ila mwenye gari hakuuona, kwa sababu ulimalizwa usiku gerejini na watu ambao majina yao hayakutokea kwenye tangazo lolote. Vitabu vinamkumbuka Mbelgiji Camille Jenatzy, aliyekuwa wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, tena la umeme, karibu na Paris mwezi Aprili 1899. Wanastahili kukumbukwa pia watunza betri. Mahali walipokuwapo na kujua kazi yao, gari la umeme lilidumu. Walipokosekana, lilikufa, hata kama lilikuwa limetengenezwa kwa ustadi kiasi gani.

Betri ya risasi ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté, aliyeibuni mwaka 1859. Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliiboresha mwaka 1881 hadi viwanda vikaweza kuitengeneza kwa wingi. Ile iliyobebwa na magari ya mwanzo ilikuwa safu ya mitungi ya mpira mgumu. Ndani ya kila mtungi zilisimama bamba za risasi zilizozama kwenye asidi, na kati ya bamba na bamba kulikuwa na kipande chembamba cha mbao ili zisigusane. Mtungi mmoja, yaani seli moja, ulitoa takriban volti 2. Gari likabeba seli 40, pengine zaidi, zikiwa zimeungwa moja baada ya nyingine, na seli moja ikidhoofika basi zote zinalemewa.

Fundi alianza na haidromita, bomba la kioo lenye mpira wa kuminya juu na kielea ndani. Alifungua kifuniko cha seli ya kwanza, akavuta asidi kidogo, akasubiri kielea kitulie, akasoma. Namba 1.280 au karibu yake ilimaanisha seli imejaa. Ikishuka hadi 1.150, imeisha. Asidi akairudisha ilikotoka, namba akaiandika daftarini, kisha akahamia seli ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Lile daftari lilikuwa na thamani kubwa kuliko jicho la fundi mwenyewe. Seli inayoanza kufa haina alama yoyote ya nje. Hujulikana kwa namba yake kubaki nyuma ya wenzake wiki hii, na wiki ijayo, na ile inayofuata.

Kisha zamu ya maji. Betri ya risasi inapochajiwa, maji yaliyomo huvunjika kidogo kidogo kuwa haidrojeni na oksijeni na kupotelea hewani. Bamba zikibaki nje ya asidi zinakauka na kuharibika. Fundi aliongeza maji yaliyokenekwa, si ya bombani, kwa kuwa chumvi na madini ya maji ya bombani huziharibu bamba. Hakuongeza asidi, maana asidi yenyewe haipungui kwa kuchaji. Chumba kilihitaji kupitisha hewa vizuri, na moto wa aina yoyote ulipigwa marufuku: haidrojeni ikichanganyika na hewa, cheche moja inatosha.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuliacha gari limelala na betri tupu. Bamba zikikaa bila chaji huota utando wa salfeti, na utando huo ukishakomaa ni vigumu kuuondoa. Hata betri iliyotunzwa vizuri ilipukutisha unga wa risasi, ukatuama chini ya mtungi. Unga ukipanda hadi kuzigusa bamba, seli inapiga shoti. Ndiyo maana betri ilikuwa ikioshwa: seli zilifunguliwa, bamba zikatolewa, mashapo yakamwagwa, mbao na asidi mpya zikawekwa. Ilikuwa kazi nzito, yenye kutoboa nguo na kuchoma ngozi, na gharama yake haikutajwa wakati gari linauzwa.

London ilijifunza haya kwa hasara. Agosti 1897 mhandisi kijana Walter Bersey aliingiza barabarani teksi zake za umeme, zilizopakwa rangi nyeusi na njano, na kwa ule mvumo wa mota zake watu wakazibandika jina la ndege mvumaji. Bersey hakuwa mzembe. Kwenye kituo chake cha Lambeth alikuwa na mtambo wa haidroliki wa kushusha betri iliyochoka na kupandisha iliyojaa, na chaji moja ilimfikisha dereva umbali wa takriban kilomita 50. Kilichomshinda ni barabara. Teksi ilikuwa na uzito wa kama tani mbili juu ya tairi ngumu. Tairi ziliisha upesi, na mtikisiko wa kutwa nzima ukaziharibu bamba. Kufikia 1899 teksi hizo zilikuwa zimeondolewa.

New York walijaribu jambo hilohilo kwa mtaji mkubwa zaidi. Electric Vehicle Company iliweka kituo chake kwenye jengo la Broadway lililokuwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Teksi iliingia kinyumenyume, betri yenye uzito wa zaidi ya nusu tani ikavutwa nje, kreni ya darini ikaipeleka kwenye safu za kuchajia, na nyingine ikasukumwa mahali pake. Dakika chache, dereva yuko barabarani tena. Theluji kubwa ya Februari 1899 ilipowashinda farasi, teksi hizo ziliendelea kubeba abiria, na wenye fedha wakashawishika kwamba wakati wake umefika.

Wakakimbilia kupanua. Kampuni tanzu zikafunguliwa Boston, Chicago, Philadelphia na kwingineko, magari mamia kwa mamia yakaagizwa. Magari yalinunulika, ujuzi wa kuyatunza haukununulika kwa kasi ileile. Madereva wageni walizimaliza betri kupita kiasi, na vituo vipya havikuwa na watu wa kuzisoma seli na kuziosha kwa wakati. Betri zikafa kabla ya kurudisha fedha yake. Matawi ya nje ya New York yalifungwa baada ya muda mfupi, na mwaka 1907 kampuni mama ikafilisika. Mara nyingi anguko hilo huandikwa kuwa ushindi wa petroli. Ukitazama mpangilio wa matukio, teksi hizi zilianza kushindwa kabla petroli haijawa mpinzani wao wa kweli mjini.

Magari ya watu binafsi yalikuwa na bahati njema zaidi. Mwaka huohuo wa 1907 Detroit Electric ilianza kuuza gari lililotangazwa kwenda takriban kilomita 130 kwa chaji moja. Lilipendwa na madaktari na wanawake wenye uwezo wa mjini. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric. Kwenye miji mikubwa wenye magari hayo walilipia huduma ya gereji kwa mwezi. Jioni kijana wa gereji alilifuata gari nyumbani. Usiku likachajiwa, likapimwa, likaongezwa maji, likaoshwa. Asubuhi lilikuwa mlangoni.

Matunzo hayo hayakuishia kwenye betri. Mota ya enzi hizo ilipelekewa umeme kupitia brashi za kaboni zilizosugua kwenye pete ya shaba. Kaboni zilipungua na kubadilishwa, na shaba ikasafishwa masizi. Cheni zilipakwa grisi. Upepo wa tairi ulipimwa kwa bidii, kwa kuwa tairi laini ilimpunguzia dereva kilomita waziwazi. Kwenye dashibodi kulikuwa na mita, zile za Sangamo zikiwa maarufu, iliyohesabu umeme uliotoka na ulioingia kwenye betri, ili dereva ajue kilichobaki.

Aliyekaa mbali na gereji alichajia nyumbani, na hapo palikuwa na kikwazo. Betri hupokea mkondo mnyoofu, ilhali nyumba nyingi zilikuwa zikiungwa kwenye mkondo geu. Ufumbuzi ulitoka kwa Peter Cooper Hewitt mwaka 1902: puto la kioo lililonyonywa hewa, lenye zebaki chini yake. Mtumiaji aliliinamisha kidogo hadi zebaki igusane na kuachana, cheche ikazaliwa, na tangu hapo mwanga wa buluu na kijani ukacheza juu ya zebaki muda wote wa kuchaji. General Electric iliviuza vifaa hivyo kwa wenye magari, vikiwa vimefungwa kwenye ubao wa marumaru wenye mita na swichi. Havikuwa vya kuwashwa na kusahauliwa. Mwanzoni betri ilipewa mkondo mkubwa. Asidi ikianza kutoa mapovu, mtu alitakiwa kuupunguza kwa mkono. Asiyepunguza alichemsha bamba zake.

Thomas Edison aliuona mzigo huo, akaamua kuuondoa. Mwaka 1901 alitangaza betri ya nikeli na chuma, isiyo na risasi wala asidi. Toleo la kwanza lilipofika sokoni lilivuja na kupoteza nguvu, naye akachukua uamuzi ambao wafanyabiashara wengi wangeukwepa: alisimamisha uuzaji, akarudi maabara kwa miaka kadhaa. Iliyotoka karibu na mwaka 1910 ilikuwa imara kupita matarajio. Ilivumilia kuchajiwa kupita kiasi, ilivumilia kuachwa tupu, na matunzo yake makubwa yakawa kuongeza maji na, baada ya miaka, kubadilisha kimiminika. Betri za aina hiyo zilizotengenezwa zaidi ya karne iliyopita zimewahi kusafishwa na kutumika tena. Udhaifu wake ulikuwa baridi, iliyoipunguzia nguvu sana, na bei: mnunuzi wa Detroit Electric aliyeitaka aliongeza dola 600, wakati gari zima la Ford Model T lilikuwa likielekea kuuzwa chini ya hapo.

Jaribio lenye busara kuliko yote halikutoka kwa mvumbuzi bali kwa kampuni ya umeme. Huko Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1910, Hartford Electric Light Company iliona kwamba wafanyabiashara wanalihofia lori la umeme kwa sababu ya betri. Ikawaondolea hofu hiyo: mteja alinunua lori la General Vehicle bila betri. Betri ilibaki mali ya kampuni ya umeme, nayo ndiyo iliyoichaji, kuipima, kuiosha na kuitupa ilipozeeka. Mteja alilipa ada ya mwezi pamoja na malipo ya kila maili aliyotembea. Betri ikiisha katikati ya siku, lori lilipita kituoni likabadilishiwa. Huduma iliendelea hadi mwaka 1924, na malori yake yalitembea zaidi ya maili milioni 6, karibu kilomita milioni 10. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Aliyejua kuitunza betri ndiye aliyeimiliki, kwa hiyo uzembe wowote ulimgharimu yeye mwenyewe.

Kufikia wakati huo petroli ilikuwa imekwisha kushinda. Cadillac ya mwaka 1912 ilitoka na stata ya umeme ya Charles Kettering, hendeli ikaanza kuagwa. Model T ilishuka bei mwaka hadi mwaka, barabara zikafika vijijini ambako umeme haukuwapo, mafuta yakapatikana kwa wingi. Mafundi wa betri hawakukosa riziki, kwani kila gari la petroli sasa lilihitaji betri ya kuliwashia. Detroit Electric ilisimamisha uzalishaji mwaka 1939, baada ya magari yapatayo 13,000.

Uingereza gari la umeme halikuzimika. Maziwa yalifikishwa majumbani alfajiri kwa vigari vya umeme, na mwaka 1967 chama cha magari ya umeme cha nchini humo kilieleza kwamba Uingereza ina magari mengi ya betri barabarani kuliko nchi nyingine zote kwa jumla. Siri yake haikuwa teknolojia, kwa sababu betri ilikuwa ileile ya risasi. Njia ya muuza maziwa haikubadilika, umbali ulijulikana, na kabla ya jioni vigari vyote vilikuwa vimerudi bohari moja, vikachomekwa kwenye chaji chini ya jicho la fundi yuleyule mwenye kopo la maji ya betri. Vilipungua watu walipoanza kununua maziwa dukani.

General Motors ilipotoa EV1 mwaka 1996, toleo la kwanza bado lilikuwa na betri za risasi, ingawa sasa zilikuwa zimezibwa, hazifunguliwi wala haziongezwi maji. Magari hayo yalikodishwa tu, hayakuuzwa, na mwaka 2003 yalikuwa yakikusanywa, mengi yakapondwa. Wakati huo betri ya lithiamu, iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 kwa ajili ya vifaa vidogo, ilikuwa ikikua. Tesla Roadster ya 2008 ilipanga seli 6,831 za lithiamu kwenye boksi moja, zikapozwa kwa kimiminika. Hakuna fundi wa kuzisoma kwa mkono. Kompyuta inapima volti na joto la seli, inazisawazisha zinapotofautiana, na inapunguza mkondo chaji inapokaribia kujaa. Kazi ya daftari na kazi ya mkono kwenye ubao wa marumaru ziliingia humo.

Matunzo hayakuisha kwa sababu hiyo, na Nissan Leaf imelithibitisha jambo hilo. Gari hilo lililoanza kuuzwa Desemba 2010 halikuwa na mfumo wa kuipoza betri kwa kimiminika, lilitegemea hewa. Dashibodi yake ilionyesha afya ya betri kwa vijistari 12. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, mji wenye joto linalovuka nyuzi 40, walianza kuona vijistari vinatoweka mapema mno. Walipiga kelele, wakafika mahakamani. Mwaka uliofuata Nissan ilitoa dhamana kwamba betri isishuke chini ya vijistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, na toleo la mwaka 2015 likaja na betri ya kemikali inayostahimili joto zaidi. Lithiamu haitaki maji, ila inachukia joto, na haipendi kukaa siku nyingi ikiwa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri kuchaji hadi asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, na kujaza yote pale safari ndefu inapokaribia.

Leaf zilizotumika Japani zimefika Kenya pia, ambako sheria hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Nairobi iliziona kwa karibu mwaka 2018, teksi za NopeaRide zilipoanza kazi. Mnunuzi mwerevu wa gari la namna hiyo huhesabu vijistari kwanza, kisha huchomeka kifaa kidogo chini ya usukani na kusoma kwenye simu asilimia ya uwezo uliobaki, hadi volti ya kila jozi ya seli. Kilomita pekee hazimtoshi. Gari lililokaa kwenye ubaridi na kuchajiwa polepole linaweza kuwa na betri nzuri kuliko lenye kilomita chache lililoishi kwenye jua na chaji za haraka.

Sevisi iliyobaki ni fupi kuliko ya petroli, lakini si ya kupuuzwa. Hakuna oili ya injini wala plagi. Tairi huisha upesi kwa sababu ya uzito wa betri na nguvu ya mota inayokuja papo hapo. Breki zina tatizo la kinyume: mota ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, hivyo diski hukaa bila kazi na kushika kutu, hasa penye hewa ya chumvi kama Mombasa au Tanga. Zinahitaji kusafishwa na kulainishwa, na mafuta ya breki kubadilishwa kwa wakati wake. Kipozeo cha betri hukaguliwa. Na chini ya boneti ya magari mengi ya umeme bado kuna betri ndogo ya volti 12, mara nyingi ya risasi, ya jamii ileile ya Planté. Ikifa, swichi zinazoiunga betri kubwa hazifungi, na gari lenye chaji tele haliwaki. Fundi wa kawaida anaweza kuibadilisha. Nyaya nene za rangi ya machungwa asiziguse bila mafunzo, glavu za mpira, na kuhakikisha umeme mkubwa umekatwa, maana humo mna volti 400 hivi.

Wazo la Hartford nalo limerudi, kwa njia ngumu. Better Place ya Israel, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijenga vituo vya kubadilishia betri za magari ikafilisika mwaka 2013. Wazo hilo limepata makazi bora kwenye pikipiki. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara mwaka 2019 ikiwalenga madereva wa bodaboda, wanaotembea kutwa nzima na wasioweza kusimama saa kadhaa kusubiri chaji. Dereva anaingia kituoni, betri inatolewa, nyingine inawekwa, analipia nishati aliyotumia. Betri si yake. Kuzeeka kwake ni mzigo wa kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua ichajiwe kwa kasi gani na ipumzishwe lini.